Kusamehe na Kurudiana

Binti wa dada yangu alinipa kitabu Jumapili moja baada ya ibada ya pili, akasema, "Mama mdogo, kisome, halafu uniambie kama huyu dada alikuwa na haki ya kufanya alivyofanya." Ana miaka 17, yumo katika umoja wa vijana, na si kawaida yake kuomba maoni ya mzee wa kanisa. Kwa hiyo nilikisoma, tena kwa siku 3 tu.

Ni riwaya ya Kiingereza iitwayo Where She Went, ya Gayle Forman wa Marekani, iliyotoka mwaka 2011. Inaendeleza If I Stay ya mwaka 2009, ambayo baadhi ya vijana wetu wanaijua kwa filamu yake ya 2014.

Nakiri kwamba nilianza kuisoma kama ofisa wa forodha anavyopekua begi. Sisi wazee tuna mazoea hayo tukishika kitabu cha vijana: tunatafuta kilichofichwa chini ya nguo. Na vya kukamata vimo. Zimo sigara, vimo vidonge, wamo vijana wanaolala pamoja bila ndoa, na mwandishi hamkaripii mtu. Nimeyataja hayo mara moja na sitayarudia, maana binti hakuniuliza juu ya hayo. Aliniuliza juu ya haki.

Kisa chenyewe ni hiki. Mia ni msichana wa Oregon anayepiga selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti. Adam, mpenzi wake, anapiga gitaa katika bendi ya roki. Siku moja ya theluji Mia yumo garini na wazazi wake na mdogo wake Teddy. Wanapata ajali, na katika familia nzima anabaki yeye peke yake, amelala hospitalini bila fahamu. Kitabu cha kwanza kinaifuata ajali hiyo: Mia anawatazama watu walio kando ya kitanda chake, akipima kama abaki duniani au awafuate wa kwao. Adam anamsihi abaki. Anamwahidi kwamba akibaki tu, atafanya lolote atakalotaka, hata kama ni kumwacha na kwenda zake. Mia anazinduka.

Mwandishi mwingine angeishia hapo na kushukuru. Forman alirudi kuuliza itakuwaje ahadi ile ikidaiwa. Katika kitabu cha pili miaka 3 imepita, na msimulizi ni Adam. Mia alikwenda New York kusoma muziki katika chuo cha Juilliard, akaanza kukaa kimya, kisha akanyamaza kabisa. Hakugombana naye, hakumuaga. Adam aligeuza uchungu kuwa nyimbo, nyimbo zikampa umaarufu na fedha, na sasa anaishi kwa vidonge vya kutuliza wasiwasi. Usiku wa kuamkia safari yake ya London anaingia kwenye onyesho la Mia, anakaa kati ya watu na kumsikiliza. Mia anajua yupo, anamwita nyuma ya jukwaa. Kuanzia hapo wanazunguka jiji mpaka asubuhi.

Hadithi za wawili waliopendana, wakaachana, wakakutana tena, si mpya. Jane Austen aliandika moja, Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa 1817: Anne Elliot anavunja uchumba wake na Wentworth akiwa na miaka 19 kwa sababu mama mmoja, rafiki wa familia, amemshauri hivyo, na anakaa miaka 8 akijuta. (Washauri wa ndoa katika sharika zetu wangefaidika kuisoma. Mshauri yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenye busara, na alimpenda.) Udhaifu wa hadithi hizi unajulikana pia. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba watarudiana, kwa hiyo mwandishi mvivu hufanya kuombana radhi kuwe kama kulipa nauli: unatoa, unapanda, gari linaondoka.

Forman si mvivu. Kuna methali inayopendwa sana na kamati za usuluhishi, ile ya yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mia na Adam wanaijaribu methali hiyo kwa karibu nusu ya kitabu. Wanakwenda kucheza bolingi, wanapanda feri ya Staten Island, wanazungumza juu ya kazi na mambo ya mji. Kila wakilikaribia jambo lenyewe wanalikwepa. Wakiwa juu ya Daraja la Brooklyn ndipo swali linapotoka, kwa nini uliniacha, na Mia anatoa jibu ambalo sikulitegemea. Alisikia. Pale kitandani, bila fahamu, aliisikia ahadi ile, na ndiyo aliyoidai. Tena alikuwa na hasira na Adam kwa kumbakiza hai katika dunia isiyo na baba yake, mama yake wala mdogo wake.

Nilifunga kitabu hapo nikaenda kuchota maji, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Nimekaa na wafiwa wengi. Nimemwona mjane akimkasirikia jirani aliyewakimbiza hospitali, yeye akapona na mumewe akafa, na sisi tukamwita mkosa shukrani. Sijasikia mahubiri hata mamoja juu ya hasira hiyo ya aliyeokolewa. Riwaya ya vijana imeitaja, bila kuipaka sukari wala kuihukumu.

Yohana, katika Injili yake, anataja moto wa makaa mara mbili. Wa kwanza uko kwa Kuhani Mkuu, sura ya 18, Petro akiota moto huku anamkana Bwana. Wa pili uko ufukweni, sura ya 21, pana samaki juu yake na mkate, na Yesu mfufuka anamuuliza Petro mara 3 kama anampenda, idadi ileile ya kumkana. Petro anahuzunika kwa kuulizwa mara ya tatu. Yesu angeweza kumwambia yamekwisha, tule samaki. Badala yake anamrudisha kwenye harufu ya moshi ileile. Sitaki kumbatiza Forman kwa nguvu, maana hakuandika kitabu cha dini. Lakini daraja lake nililisoma kama moto wa makaa, na nadhani ndiyo sababu linaaminika.

Baada ya daraja kitabu kinanipoteza kidogo. Ukweli ukishasemwa, mwandishi anaanza kukimbia. Adam ana mwanamke mwingine, Bryn, mwigizaji, ambaye kosa lake kubwa ni kwamba si Mia. Anapita katika kurasa kama abiria aliyekalia kiti cha mtu. Hadithi za kurudiana karibu zote zina Bryn wao, na ningependa siku moja mwandishi amgeukie amuulize ameamkaje.

La pili ni zito zaidi. Hatuoni badiliko likipimwa. Yusufu hakujitambulisha kwa ndugu zake siku ya kwanza walipofika Misri kununua nafaka. Aliwaacha warudi kwao, wakaja tena, akaagiza kikombe kifichwe katika gunia la Benyamini, akangoja aone kama wangemwacha mtoto wa pili wa Raheli kama walivyomuuza wa kwanza. Na Yuda, aliyetoa shauri la kumuuza Yusufu, ndiye anayejitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Hapo ndipo Yusufu anashindwa kujizuia. Alikuwa amekwisha kulia kwa siri kabla ya hapo, kwa hiyo hatuwezi kusema moyo wake ulikuwa mgumu. Kupenda alipenda mapema. Kufungua mlango kulingoja ushahidi. Mapenzi ya Mia na Adam hayapekuliwi gunia lolote. Mia alipoumia alinyamaza miaka 3. Akiumia tena atafanya nini? Kitabu hakiulizi.

Utaniambia hii ni riwaya tu, isibebeshwe mzigo wa kitabu cha Mwanzo. Ningekubali kama si jambo moja ninalolijua kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita msichana mmoja wa kwaya alikuja mbele ya wazee. Mchumba wake alikuwa amempiga, naye alitaka kuvunja uchumba. Kijana aliitwa, akapiga magoti, akalia machozi ya kweli. Sisi tulifurahi sana kwa machozi yale. Tukamkumbusha binti hesabu ya saba mara sabini, tukaomba, tukawashikanisha mikono. Haikuchukua saa moja. Nami nilikuwa nimekaa pale, na niliitikia amina. Miezi minne baadaye alirudi kwetu akiwa na nyuzi kwenye mdomo.

Tangu hapo nimeisoma upya Mathayo 18. Hesabu ile ya saba mara sabini ni kweli imo, tena ni amri. Lakini kabla yake, katika sura hiyohiyo, yapo maelekezo ya kumwendea aliyekosa na kumwonyesha kosa lake, kwanza mkiwa wawili, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa, na asiposikia hata kanisa, uhusiano unabadilika. Sisi tuliruka mistari ile tukatua kwenye hesabu. Tulimwambia binti asamehe, na tulikuwa na maana ya arudi, kana kwamba ni neno moja. Si neno moja. Kusamehe aliweza kukufanya peke yake, chumbani kwake, hata yule kijana asijue. Kurudiana kunahitaji wawili, na mmoja wao alikuwa hajafanya chochote zaidi ya kulia.

Kuna kitu kingine kilichonisumbua nilipolinganisha. Kwetu nafasi ya pili huwa tunamwombea nani? Katika fasihi yetu ninaikumbuka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Wengi huikumbuka kwa anguko la Rosa. Mimi safari hii nilimtazama Charles. Mwanzoni kabisa ni barua ya Charles kwa Rosa, barua ya kitoto, inayomfanya Zakaria ampige binti yake vibaya. Miaka inapita, Rosa anapotea na kurudi, na Charles anatokea tena, sasa kama mchumba. Kwa hiyo hii nayo ni hadithi ya kurudiana, na Kezilahabi anatuacha tutumaini. Kisha Charles anagundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Kijana wa kwaya yetu alipiga magoti nusu saa akarudishiwa mchumba. Rosa alibadili maisha yake yote na hakurudishiwa kitu. Kezilahabi alikuwa anaieleza jamii aliyoijua, nami sioni kama tumehama mbali.

Kwa upande huo Forman anatushinda. Katika kitabu chake aliyeondoka ni msichana, aliyeumizwa ni mvulana, na mvulana huyo anasikiliza. Anaambiwa jambo linaloweza kumvunja, naye anasema kwamba hata angejua yote, angeitoa ahadi ileile tena. Sijui vijana wetu wa kiume wangapi wamewahi kuonyeshwa mwanamume wa namna hiyo, anayehesabu uhai wa mwenzake kuwa zaidi ya kubaki naye. Kwa ukurasa huo nilimsamehe mwandishi haraka zake zote.

Nilimrudishia binti kitabu Jumapili iliyofuata, tukakaa kwenye benchi nyuma ya kanisa. Nilimwambia Mia alikuwa na haki ya kuondoka, ila hakuwa na haki ya kuondoka kimya. Nilijiona nimejibu vizuri.

Akafikiri kidogo. "Lakini mama mdogo, angesema, wangemwacha aondoke?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimemkumbuka yule wa kwaya, ambaye alisema, akasema tena, mbele yetu sote.

Kabla hatujaachana aliniomba Rosa Mistika. Nakala yangu ni ya zamani, jalada limetoka, na pembeni mwa kurasa za Charles kuna maandishi ya penseli niliyoyaandika nikiwa na umri kama wake, mengine ya kumtetea Charles. Nilitaka kuyafuta kwanza. Nikampa hivyohivyo.