Kushawishi, Kunasihi na Kusadikisha: Maneno Matatu na Nathari ya Shaaban Robert

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wetu huyatumia bila kusita ni neno ushawishi. Mwalimu wa fasihi huwaambia wanafunzi wake watafute lugha ya ushawishi katika insha. Mtumishi wa idara huandika katika taarifa yake kwamba wazazi washawishiwe kupeleka watoto kliniki. Mfasiri wa sheria naye huandika kwamba ni marufuku kumshawishi shahidi. Neno ni moja, lakini katika mfano wa kwanza ni sifa ya mwandishi, katika wa pili ni wajibu wa ofisi, na katika wa tatu ni kosa. Msomaji mwangalifu ana haki ya kuuliza: je, mzazi aliyeshawishiwa alitendewa wema au hila?

Swali hili si la wanaistilahi peke yao. Muhtasari wa mkutano wa kijiji ukiandikwa kwamba wanakijiji "walishawishiwa" kukubali ardhi yao ipimwe, maneno hayo yaweza kusomwa miaka kumi baadaye mbele ya baraza la ardhi, na kila upande ukayafasiri upendavyo. Kwa hiyo tumeona yafaa tuchunguze jinsi Kiswahili chenyewe kinavyotenganisha njia za kumwelekeza mtu kwa maneno. Tumechagua kuufanya uchunguzi huu katika nathari ya Shaaban Robert kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya nathari hiyo iliandikwa ili kumgeuza msomaji afuate mwenendo fulani. Pili, shule na ofisi zetu zimemfanya mwandishi huyu kuwa kigezo, hata fadhila zake na kasoro zake zimekuwa zetu.

Maneno yenyewe

Kushawishi, katika mazungumzo ya kila siku, ni kumvuta mtu kwa kuamsha tamaa yake. Kijana hushawishiwa na wenzake aache shule; ni nadra kumsikia mzee akijisifu kwamba amemshawishi mjukuu wake kuswali. Katika Sala ya Bwana kama isaliwavyo na Wakatoliki, neno kishawishi limetumika mahali ambapo Waprotestanti husema majaribu. Jirani za neno hili ni kurubuni na kurai, na jirani wa mtu husaidia kumjua mtu.

Kunasihi ni jambo lingine. Ndani ya neno nasaha mna nia njema ya msemaji, tena mna uhusiano. Nasaha hutolewa na mtu ambaye msikilizaji anaikubali haki yake ya kuitoa: mzazi, somo, mwalimu, mzee wa mtaa, au rafiki wa kweli. Anayenasihiwa aweza kukataa, na nasaha ikabaki nasaha.

Kusadikisha ni kumfanya mtu asadiki. Hapa uzito hauko katika tamaa ya msikilizaji wala katika cheo cha msemaji. Uko katika ushahidi unaowekwa mbele ya watu. Ni kweli kwamba mtu aweza kusadikishwa uongo, lakini ushahidi uliotajwa waziwazi huweza kuchunguzwa na kukanushwa. Tamaa iliyoamshwa haina mahali pa kukanushiwa.

Kutoka barazani hadi gazetini

Katika miji ya pwani ya kaskazini, kama Tanga na Pangani, nasaha ilikuwa na makao yake: baraza, msikiti, unyago, na mkeka wa nyumbani. Msikilizaji alimjua msemaji, na alijua kama mwenyewe anayatenda ayasemayo. Chapa ilibadili mambo. Wakati wa utawala wa Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa katika shule ya serikali ya Tanga. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo huko Dar es Salaam. Ndipo karani wa Pangani alipoweza kumwonya mtu wa Lindi ambaye hawajapata kuonana. Msomaji aliona jina na mji tu. Sura ya mwandishi, umri wake na mwenendo wake havikuonekana.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Alikua akiwa mwandishi katika zama hizo za magazeti, na mashairi yake yalisomwa katika Mambo Leo. Kwa hiyo shida iliyomkabili ilikuwa hii: atatoaje nasaha kwa mtu asiyemjua, na mtu huyo aipokee kama nasaha?

Nasaha katika insha

Katika Kielezo cha Insha, kilichotolewa mwaka 1954, na katika maandishi yake mengine ya jamii hiyo, twaweza kutambua njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuanza na jambo ambalo msomaji amekwisha kulikubali. Sentensi huanzia katika ukweli wa jumla kuhusu binadamu, si katika amri. Msomaji huitikia moyoni kabla hajajua anapelekwa wapi, kama vile mwenyeji anavyoitikia hodi kabla hajamwona mgeni.

Njia ya pili ni mizani. Wazo hukabiliwa na kinyume chake: wema na ubaya, asali na shubiri, nuru na giza. Mizani hii humpa msomaji hisi kwamba pande zote mbili zimepimwa. Msikilizaji wa mashairi anaijua hisi hiyo, maana ameizoea katika vina na vipande vya mshororo.

Njia ya tatu ni tashbihi zinazotokana na vitu vionekanavyo: mti na tunda, bahari na chombo, mwili na maradhi. Katika tashbihi, tabia isiyoonekana hupata umbo, na msomaji asiye na elimu ya vitabu huwa na ujuzi sawa na mwandishi, kwa sababu wote wawili wameuona mti huo.

Kwa njia hizi tatu Shaaban Robert aliweza kujenga baraza ndani ya ukurasa. Hamvuti msomaji kwa faida ya haraka, wala hamtishi. Hii ndiyo sababu twasita kuiita lugha yake lugha ya ushawishi. Ni lugha ya nasaha, na mwalimu akiitaja hivyo mwanafunzi atajua mara moja atafute nini: nani anasema, kwa haki gani, na kwa nia gani.

Karama mbele ya baraza la mfalme

Hata hivyo, mfano wake mkubwa kuliko yote haumo katika insha. Umo katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria katika nchi isiyoutaka. Mshtakiwa angeweza kuomba huruma. Angeweza kuwasifu wakubwa. Angeweza kutoa mawaidha juu ya uzuri wa haki. Badala yake anasimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Baraza linaachwa lijumlishe lenyewe. Mwishoni Karama anaachiliwa, na wajumbe wale wanafunguliwa.

Huku ndiko kusadikisha. Hoja ya Karama ina majina, safari na matokeo. Anayetaka kuipinga hana budi aseme ni mjumbe gani hakwenda, au ni yupi hakufungwa. Tena yafaa tukumbuke kwamba jina la nchi hiyo lina shina lile lile la sadiki. Kitabu kizima chaweza kusomwa kama swali juu ya kitu gani kinastahili kusadikiwa, na mbele ya nani.

Kasoro, na waigaji wake

Heshima kwa mwandishi haituzuii kusema lililo kweli. Katika insha zake, mara nyingi tabia ndizo zitendazo kazi, na watu hawaonekani. Uvivu hufanya hili, bidii hufanya lile. Lakini msomaji haonyeshwi mvivu mmoja wa mtaa fulani, ili apime kama kweli ni uvivu uliomwangusha au ni bei ya mkonge. Mizani nayo mara nyingine hupimia upande mmoja: mpinzani hatajwi ila amekwisha kushindwa. Hata katika Kusadikika, waziri aitwaye Majivuno amehukumiwa na jina lake kabla hajafungua kinywa. Karama analisadikisha baraza kwa ushahidi, lakini mtunzi anamwelekeza msomaji kwa majina. Hizo ni njia mbili tofauti, na ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza.

Tunaona kwamba kasoro hizi zilivumilika kwa mtunzi kwa sababu alikuwa na fikra za kutosha kuzibeba. Waigaji wake hawana mzigo huo. Wamechukua kamba wakaacha kuni. Hotuba na nyaraka nyingi za ofisi zimejaa tashbihi tatu kwa wazo moja, na ndani hamna hata jambo moja ambalo mwananchi angeweza kulihakikisha. Tutoe mfano tuliotunga wenyewe, kuhusu jambo ambalo pwani ya Tanga imelihangaikia kwa miaka mingi: uvuvi wa baruti. Tuchukulie kwamba ofisi yataka tangazo la kubandikwa mnadani.

Tangazo la kwanza lasema: "Acha baruti, upate samaki wengi na fedha nyingi kuliko jirani yako." Huku ni kushawishi. Tamaa inayoamshwa ni ile ile inayowasha utambi wa baruti, na mvuvi akiona fedha ya leo iko kwenye mlipuko, tangazo limempa sababu ya kuurusha.

La pili lasema: "Bahari ni mama, na mama hapigwi. Bahari ni shamba, na shamba la chakula halichomwi. Bahari ni hazina, na hazina haivunjwi." Hapa tunasikia mwangwi wa nasaha, lakini mwenye nasaha hayupo. Ni nani asemaye? Ofisi haina umri wala haikupata kuvua.

La tatu lasema: "Baruti huua mkubwa na mdogo kwa pamoja. Samaki wengi waliouawa huzama, wasiokotwe. Matumbawe yakivunjika, samaki hukosa mahali pa kujificha na kulisha, na matumbawe hayaoti upya kwa msimu mmoja wala miwili. Atakayetega dema hapo kesho ndiye atakayelipa." Huku ni kusadikisha. Kila sentensi mvuvi aweza kuipima kwa macho yake, na akiona si kweli aweza kusema. Tangazo hilo likitiwa sahihi na kamati ya wavuvi wa pwani hiyo hiyo, litakuwa na nasaha pia, kwa kuwa litakuwa na mwenyewe. Ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, haja ya maandishi ya namna hii iliongezeka, wala haijapungua.

Pendekezo

Kwa hayo yote tunapendekeza matumizi yafuatayo. Kushawishi libaki mahali ambapo mtu anavutwa kwa tamaa au manufaa, kama katika matangazo ya biashara na katika makosa ya kuharibu ushahidi. Kunasihi na nasaha yatumike pale ambapo msemaji mwenye uhusiano na msikilizaji anamwelekeza kwa nia njema. Kusadikisha na usadikishaji yatumike kwa kazi ya hoja na ushahidi. Na iwapo mwalimu anahitaji jina la sanaa nzima ya kusema kwa kuathiri, balagha lipo, na wanafunzi wamekwisha kulizoea katika swali la balagha.

Twajua kwamba wako watakaosema kuwa ushawishi limekwisha kuenea kwa maana pana, na kwamba neno halirudishwi nyuma kwa waraka. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatuombi neno lipigwe marufuku. Katika mazungumzo na katika magazeti liende litakako. Tunachoomba ni kwamba katika maandishi yanayohusu ridhaa ya mtu, yaani mihtasari ya vijiji, fomu za hospitali, hati za ardhi na maelezo ya mashahidi, mfasiri asiandike "walishawishiwa" mpaka ajiulize: walivutwa, walinasihiwa, au walisadikishwa? Akishindwa kujibu, basi hajaelewa kilichotokea, na yampasa arudi kuuliza kabla ya kuendelea kufasiri.

Maoni ya wasomaji yatapokelewa kwa shukrani, hasa kutoka kwa watumishi wa vijijini na wilayani wanaoandika mihtasari hiyo, ambao wanajua kuliko sisi neno lipi hutamkwa mkutanoni na lipi huandikwa baadaye.