Haki ya Mfalme Yudhishthira

Ukiwauliza watu walioisoma Mahabharata, utenzi mkuu wa Bara Hindi wenye vitabu 18, wakutajie mashujaa wake, watakutajia Arjuna na upinde wake, na Bhima na rungu lake. Ndugu yao mkubwa, Yudhishthira, husifiwa kwa neno moja, ya kwamba alikuwa mfalme mwenye haki, kisha huachwa. Naona kusoma hivyo ni kumpunja mfalme, na mtunzi vilevile.

Kwanza tuangalie kosa lake. Alipoalikwa Hastinapura kucheza dadu na Shakuni, mtu mwenye hila, alipoteza mali, ufalme, ndugu zake wanne, nafsi yake mwenyewe, na mwisho mkewe Draupadi. Yule mama akatuma mumewe aulizwe: Je, ulijipoteza wewe kwanza, au mimi? Maana aliyekwisha kuwa mtumwa atamwekaje mwingine rehani? Mfalme akanyamaza. Hata mzee Bhishma, mwenye hekima, alishindwa kulikata neno hilo. Mtunzi angaliweza kuificha aibu hii, lakini hakuificha.

Tena kuna habari ya ziwani. Ndugu wanne wamelala wamekufa, na roho mlinzi wa maji amwambia Yudhishthira achague mmoja afufuke. Hakumchagua Bhima wala Arjuna, ambao kwa nguvu zao angeurudisha ufalme. Alimchagua Nakula, mtoto wa Madri, mke mwenza wa mama yake, ili kila mama asikose mwana mmoja aliye hai.

Lakini vitani mtu huyu huyu alisema uongo. Drona, mwalimu wake, alipomwuliza kama mwanawe Ashwatthama amekufa, alijibu kwamba amekufa, na neno "ndovu" akalisema kwa sauti ya chini. Maana aliyeuawa ni ndovu mwenye jina hilo. Drona akaweka silaha chini, akauawa. Kabla ya hapo gari la Yudhishthira lilikuwa likienda juu ya ardhi kadiri ya vidole vinne. Siku ile magurudumu yake yaligusa mchanga kama magari ya watu wote. Wako wasemao kwamba Krishna ndiye aliyemshauri, basi hana hatia. Utenzi wenyewe wawakanusha, kwa kuwa mwisho Yudhishthira aonyeshwa jehanamu kwa muda kwa ajili ya neno lile.

Neno moja lanisumbua. Katika safari ya mwisho mlimani, Draupadi alianguka wa kwanza, na mfalme akaeleza kosa la mkewe, kwamba alimpenda Arjuna kuliko wengine, akaendelea mbele bila kugeuka. Baadaye alikataa kuingia mbinguni kama mbwa aliyemfuata ataachwa nje. Watu humsifu kwa ajili ya mbwa, na sifa hiyo ni halali. Ni kweli pia kwamba alimwomba Indra mkewe na ndugu zake waende naye. Lakini swali la Draupadi, lililoulizwa siku ya dadu, mumewe hakulijibu hata siku ile mlimani.

Basi msomaji akiufungua utenzi huu, asitafute mfalme asiye na doa. Amtafute mtu aliyependa haki kweli kweli, na amhesabie pia wale walioumia kwa makosa yake.