Hongereni, Wauza Vitabu wa Samora

Duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House), Barabara ya Samora jijini Dar es Salaam, linastahili pongezi. Kumbukumbu za kiongozi mstaafu zikishazinduliwa ukumbini mbele ya waheshimiwa na kamera, ni muuza vitabu anayeziweka mahali ambapo mwalimu au dereva atafunua kurasa mbili tatu akiwa amesimama, kisha aamue.

Mkuki na Nyota, shirika la uchapishaji aliloasisi Walter Bgoya mwaka 1991, lilitoa kumbukumbu za marais wawili wa zamani wa Tanzania: za Benjamin Mkapa mwaka 2019 na za Ali Hassan Mwinyi mwaka 2021. Za Mzee Mwinyi ziko kwa Kiswahili, na hilo nalithamini mno. Mkapa naye, katika zake, alikiri kwamba mauaji ya waandamanaji kisiwani Pemba ya Januari 2001 yalitia doa utawala wake. Kukiri kwa namna hiyo kunafaa kukaa rafuni, kwa bei ambayo mtu anaweza kuidunduliza.

Halafu kuna siku ya mwandishi kutia saini vitabu vyake dukani. Msomaji anafika mezani na nakala aliyoinunua mwenyewe, anasema, "Shikamoo, Mzee," kisha anauliza alichokuja kuuliza. Mzee hujibu mwenyewe. Wauza vitabu mnaoandaa meza hizo, waiteni na wastaafu ambao bado hawajaandika.