Kuyasoma Maandishi ya Lango la Fort Jesus

Langoni mwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593 ili kuilinda njia ya merikebu zao kati ya Msumbiji na Goa, kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Aghalabu jiwe hilo huitwa kutoa ushahidi tu: huchukuliwa tarehe na majina, kisha hupitwa. Lakini ni matini, na matini husomwa kwanza ndipo isadikiwe.

Anayesifiwa ni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Vitenzi karibu vyote vina mtenda mmoja, naye ni yeye: alijenga upya, alitiisha, aliiadhibu Pate na Siyu hata kuta zao zikabomolewa, aliwaua wakuu wa Pemba. Watu wa pwani ni watendwa tu. Kisha, pasipo haya, hufuata malipo: cheo katika nyumba ya mfalme, fedha za kila mwaka, ugavana huko Sri Lanka. Sifa zimegeuka orodha ya mapato.

Lililofichwa lina uzito zaidi. Mfalme aliyeasi anaitwa dhalimu, wala jina hana. Alikuwa Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala Mombasa. Agosti 1631 alimwua kapteni na kuitwaa ngome. Wakristo wengi waliuawa, Waswahili miongoni mwao, hivyo neno dhalimu halikutoka hewani. Mwanzoni mwa 1632 merikebu za Goa zilimzingira, zikashindwa, zikaondoka. Mwaka huohuo aliiacha ngome kwa hiari yake, Wareno wakaingia mahali patupu. Mwanahistoria aandikaye kwamba waliiteka tena kwa silaha ameamini sentensi ambayo hata jiwe halikuthubutu kuichonga.

Kiswahili nacho kina kumbukumbu yake. Neno gereza, ambalo wengi wa Lubumbashi huliacha wakasema buloko, latokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ndani ya ngome mlikuwa na kanisa. Waswahili wakaliita boma zima gereza, na baadaye neno likashika maana ya kifungo. Tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliwafunga watu humo.