Mshauri wa Familia Kwenye Kioo cha Simu: Namna ya Kumpima

Mshauri mmoja ana picha za kupendeza na wafuasi elfu kadhaa, mwingine ametundika cheti ukutani nyuma ya kichwa chake, wa tatu amesifiwa na jirani. Yote hayo hayakuambii kama anaijua kazi. Kazi ya ushauri nasaha wa familia kwa njia ya mtandao huonekana ndani ya kikao chenyewe, na mzazi ambaye hajasoma saikolojia hata siku moja anaweza kuitambua, mradi ajue aangalie wapi.

Anza na anachouliza kabla hamjaketi. Mshauri mzoefu atauliza mambo yanayofanana na ya karani: mko mtaa gani, mtandao ukikatika ampigie nani, chumba mtakachotumia kina mlango unaofungika. Majibu hayo atayahitaji siku ambayo kijana wenu atasema katikati ya mazungumzo kwamba hataki tena kuishi, na mshauri yuko Nairobi ilhali kijana yuko Kilifi. Asiyeuliza hajawahi kuifikiria siku hiyo.

Kisha atataka kujua nani anaishi humo ndani. Ukimjibu "mimi, mume wangu na watoto wawili", akaandika na kuendelea, mpunguzie alama. Saa kumi jioni, mtoto anaporudi shule na vita vya kazi za nyumbani vinapoanza, aliye naye mara nyingi ni bibi au dada wa kazi. Mshauri aliyekomaa atauliza nani humwogesha mtoto, nani humlaza, nani hutoa hela, na nani akisema neno nyumba nzima hutulia. Kama baba yuko Dubai, atataka naye awepo. Atakuwa anajua kwamba kule saa iko mbele kwa moja, na kwamba simu za WhatsApp zimezuiwa Falme za Kiarabu kwa miaka mingi, kwa hiyo atakuja na njia nyingine mkononi. Wengine huteketeza robo ya kikao kwa "unanisikia? unanisikia?", na hela inahesabika.

Swali moja haliulizwi mbele ya watu: humu ndani kuna mtu unayemwogopa? Mjuzi huzungumza na kila mtu mzima peke yake kabla ya kuwakutanisha, humwomba avae spika za masikioni, na huuliza kwa namna ambayo "ndiyo" au "hapana" inatosha, maana aliye nyuma ya mlango husikia majibu tu. Mke anayepigwa akikalishwa na mumewe kwenye kioo kimoja na kuambiwa aseme yaliyo moyoni, atakayelipia ni yeye, baada ya simu kuzimwa. Vilevile mshauri atawaeleza mapema siri yake inaishia wapi: mtoto akiwa anaumizwa, hatanyamaza. Namba ya bure ya kusaidia watoto, 116, inatumika Kenya na Tanzania pia. Mshauri wa familia asiyeijua kwa kichwa ananitia shaka.

Sasa kikao. Mama anasema, "Huyu mtoto amenishinda." Mshauri dhaifu anamgeukia mtoto: "Kwa nini unamsumbua mama?" Hapo mtoto amepata hakimu wa pili, na wiki ijayo atasema anaumwa tumbo. Salvador Minuchin, daktari mzaliwa wa Argentina aliyejijengea jina kwenye kliniki ya watoto ya Philadelphia na kuandika *Families and Family Therapy* mwaka 1974, alikuwa akiwataka wanafamilia wazungumze wao kwa wao mbele yake, naye akitazama nani anamkata nani kauli na nani anamjibia nani. Alikuwa hata akiwahamisha viti. Kwenye simu viti havihamishiki kirahisi, lakini mshauri mwenye mkono mzuri husema, "Baba, usiniambie mimi, mgeukie umwambie yeye," kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Kwenye kimya cha mtandaoni kila mtu hudhani picha imeganda, na mshauri mwoga hukijaza kwa mawaidha. Hesabu tu: kama nusu ya kikao sauti iliyosikika ni yake, mmenunua hotuba.

Kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 7 kuna kipimo kikali zaidi, na ndicho nikipendacho. Katika miaka ya 1970 Sheila Eyberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alianzisha tiba iitwayo PCIT: mzazi anacheza na mtoto chumbani, mshauri anawatazama akiwa nyuma ya kioo cha upande mmoja na kumwelekeza mzazi sikioni, papo hapo. Baadaye Jonathan Comer na wenzake waliijaribu kwa mtandao, kamera ikiwa nyumbani kwa familia, na mchezo ukifanyika pale pale ugomvi unapotokea kila siku. Sikiliza inavyokwenda. Mama anasema: "Unajenga nini? Hiyo ni gari? Mbona haina magurudumu?" Sauti sikioni: "Hayo ni maswali matatu. Sema unachokiona." Mama: "Umeweka tofali jekundu juu ya la njano." Sauti: "Vizuri sana. Sasa msifie kwa jambo analolifanya." Mama: "Asante kwa kumpa mdogo wako tofali." Mtoto anainua uso. Mzazi huhesabiwa ameiva anapoweza, ndani ya dakika 5, kutoa sifa 10 za jambo mahususi, kueleza mara 10 anachofanya mtoto na kurudia mara 10 maneno yake, huku maswali, amri na lawama kwa jumla yasizidi 3. Jaribu jioni hii. Wengi wetu huzimaliza zile 3 kabla ya dakika ya kwanza kuisha.

Mshauri wako si lazima afuate PCIT. Lakini jiulize: amewahi kukuona ukiwa na mwanao? Anayemjua mtoto kwa mashtaka ya mama peke yake bado hajaanza kazi. Na anayetamka usonji baada ya kusikiliza simulizi ya nusu saa, bila kumwona mtoto akicheza wala kuzungumza na mwalimu wake, mkimbie.

Vijana wana lao. Kijana akizima kamera, mjuzi hamburuzi. Humwacha aandike ujumbe, na humuuliza jambo ambalo wazazi hawakulileta.

Pima pia anavyoshughulika na ujumbe wa sauti wa saa nne usiku, ule wa "nikwambie kitu ila baba watoto asijue". Akianza kutunza siri za upande mmoja, ameshakuwa wa upande huo. Mjuzi hujibu kwa upole: tulilete kikaoni, nitakusaidia kulisema.

Kuhusu makaratasi nitasema machache. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi yake, kwa hiyo kuuliza usajili si utovu wa adabu. Popote ulipo, swali linalofichua zaidi ni: nani anakusimamia wewe? Wazuri wana mkubwa wanayempelekea kesi ngumu, nao humtaja bila kununa.

Usimpuuze pia mwenye programu mnayokutania. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni ya ushauri mtandaoni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, baada ya kuahidi usiri. Nami nina ugomvi na wale wanaoweka kwenye kurasa zao picha za ujumbe wa wateja, majina yakiwa yamefunikwa kwa kivuli chembamba: "Mama mmoja wa Mbezi ameniandikia..." Kesho mama huyo utakuwa wewe.

Bei? Haisemi kitu. Mwaka 2020 WHO, UNICEF na wenzao walisambaza bure karatasi za ukurasa mmoja mmoja za malezi, zikiwemo za Kiswahili: tenga muda na mtoto mmoja mmoja, msifie, tulia kabla hujakemea. Mshauri akikuuzia hayo hayo kwa vikao sita, nunua bando usome mwenyewe. Unachomlipa ni jicho lake kwa nyumba yako, na swali la kila wiki: lile mliloahidi kujaribu, lilikwendaje, na lilikwama wapi? Asipolikumbuka mara mbili mfululizo, mwambie. Akijitetea kwa wingi wa wateja, tafuta mwingine. Akifungua daftari na kuuliza upya, endelea naye mpaka yeye mwenyewe apendekeze mkutane mara moja kwa mwezi.