Mwako wa Fremu Mbili: Kusoma Uhariri wa Who Killed Captain Alex?

Askari anaelekeza bunduki nje ya picha. Bunduki yenyewe haina risasi wala haijawahi kuwa nayo, ni kifaa cha kuigizia kilichoundwa kwa mikono. Mdomoni mwa mtutu unachomoza mwako wa njano, unatoweka kabla jicho halijaukagua, na papo hapo picha inakatwa: mtu mwingine, penye majani, anaanguka chali huku wingu jekundu likimruka kifuani. Wawili hao hawajaonekana pamoja hata mara moja. Huenda hawakupigwa picha siku moja. Hata hivyo mtazamaji ameona mtu akimpiga mwenzake risasi, na ataapa kwamba ameona.

Hivyo ndivyo vita vinavyopiganwa katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, na Isaac Nabwana. Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Alijiandikisha kozi ya miezi sita ya matengenezo ya kompyuta, akasoma mwezi mmoja tu kwa kuwa fedha za kuendelea hakuwa nazo, kisha uhariri na efekti akajifunza mwenyewe kwenye kompyuta alizoziunga kwa vipuri. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina alilolipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Gharama ya filamu inayotajwa mara nyingi haizidi dola 200. Habari hizi zimesimuliwa mno, na nadhani zimeidhuru filamu. Wanaoisifu huusifu umaskini wake, wanaoicheka huicheka damu yake, na wote wawili huacha kuisoma. Mimi naisoma kama kazi ya mhariri, mkato kwa mkato, kwa sababu kijana anayejifunza kuediti leo hatapata mahali pa wazi zaidi pa kuona efekti inaweza nini na haiwezi nini.

Tuanze na huo mwako. Katika mafunzo ya efekti ni somo la siku za mwanzo, na namna unavyotengenezwa haina siri. Unahitaji kipande cha moto kilichorekodiwa juu ya weusi mtupu. Unakiweka kwenye treki iliyo juu ya picha ya askari, unabadilisha namna tabaka la juu linavyochanganyika na la chini ili weusi wote upotee na mwanga peke yake ubaki, kisha unakisogeza hadi mdomo wa mtutu na kukizungusha kifuate mwelekeo wake. Premiere inafanya hivyo, After Effects inafanya hivyo, DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, nayo inafanya hivyo. Dakika kumi zinatosha kujua hayo yote. Kisichofundishika kwa dakika kumi ni muda wa kuuacha mwako huo machoni. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu mbili ni sehemu nane za mia za sekunde. Mwanafunzi aliyehangaika nusu siku kutafuta moto mzuri huona uchungu kuuonyesha kwa muda mdogo namna hiyo. Anauongezea fremu ya tatu, ya nne, ya sita, apate kuonekana. Hapo ndipo unapogeuka stika iliyobandikwa kwenye bunduki.

Nabwana hana uchungu huo. Mwako wake unakuja na kwenda, na anajua hautastahimili kutazamwa. Tazama ukutani na kwenye sura ya mpigaji: mara nyingi hakuna mwanga unaorudi. Moto wa kweli ungemulika shavu, ungemulika mkono ulioshika bunduki, ungetupa kivuli cha ghafla nyuma ya askari. Mhariri mwenye muda na mashine nzuri huongeza tabaka jingine la kung'arisha sura kwa fremu hizo hizo mbili. Hapa pengo hilo limeachwa, na linafunikwa na vitu vitatu: bega la mwigizaji linalotikisika, mlio wa risasi, na mkato unaoingia kabla ya shaka. Kati ya vitatu hivyo, mkato ndio unaobeba mzigo mkubwa. Ukisimamisha picha kwenye fremu moja, efekti imekufa. Ukiiachia iende, inafanya kazi. Kwa hiyo uhai wake haumo ndani ya efekti yenyewe, umo katika kinachokuja baada yake.

Lev Kuleshov aliwaonyesha watu jambo hili huko Urusi karne iliyopita, sura ileile ya mwigizaji ikibadilika maana kwa sababu ya picha iliyowekwa karibu nayo. Nabwana analichukua hadi ukingoni. Katika mapigano ya bunduki anavunja karibu kila kanuni ya mahali: huyu yuko wapi, yule yuko umbali gani, kati yao kuna kichaka au nyumba. Ukijaribu kuchora ramani ya uwanja wa vita hutaiweza. Walter Murch, mhariri wa Apocalypse Now, katika kitabu chake In the Blink of an Eye aliyapanga mambo sita ya kuzingatia unapokata, akayapa uzito kwa asilimia. Hisia ya tukio aliipa 51, hadithi 23, mdundo 10, na usahihi wa nafasi halisi ya vitu akaupa 4 tu. Ukiishika orodha hiyo na kuitazama Captain Alex, unaona filamu iliyotoa sadaka zile asilimia nne, na nyingine kadhaa juu yake, ili mdundo usikatike. Anayefyatua, anayeanguka. Anayefyatua, anayeanguka. Mdundo huu unaweza kuchosha, na kusema kweli katika baadhi ya mapambano unachosha, kwa sababu kila kifo kinapewa urefu sawa na kilichotangulia. Mhariri mkali angeacha mtu mmoja afe taratibu katikati ya wanaokufa haraka, ili haraka yenyewe ihisike.

Mapigano ya mikono yamehaririwa kwa akili nyingine kabisa. Bruce U, ndugu yake Kapteni Alex aliyebobea katika kung fu na anayetafuta muuaji wa nduguye, hahitaji kusaidiwa na kompyuta. Anaweza kurusha teke la kweli. Kwa hiyo mhariri anarudi nyuma na kuacha shoti ikae muda wa kutosha tuone mwili ukianza na kumaliza tendo. Anapokata, hukata katikati ya mwendo: teke linaanza katika picha moja na kutua katika nyingine, na jicho linalofuata mguu halina nafasi ya kuona kiungo. Mafunzo mengi ya mtandaoni hufundisha mbinu hii kama ufundi wa kuficha. Ukiilinganisha na zile risasi, unaona ina kazi zaidi ya hapo. Kwenye bunduki mkato unazalisha tendo ambalo halikufanyika. Kwenye teke mkato unalinda tendo lililofanyika. Mtu anayejua lini afanye lipi tayari ni mhariri, hata kama hajui majina ya vitufe vyote.

Helikopta ndiyo inayonishinda kuitetea. Kiongozi wa genge la Tiger Mafia, Richard, anaagiza chombo hicho kuishambulia Kampala, na sasa efekti inatakiwa isimame peke yake: chombo kilichotengenezwa kwa kompyuta, jiji la kweli nyuma yake, majengo yanayolipuka. Rangi ya helikopta haikubaliani na rangi ya anga. Haina kivuli chini. Milipuko imekaa juu ya majengo bila kuyavunja. Makosa ya namna hiyo yalikuwapo kwenye bunduki pia na hayakutusumbua. Tofauti ni kwamba hapa shoti zinakaa muda mrefu zaidi, na hakuna mwili wa mwigizaji wa kuupokea mlipuko. Risasi ilikuwa na bega lililotikisika upande mmoja na mtu aliyeanguka upande wa pili. Jengo halijui kuigiza. Pale inaporudi sura ya mtu aliyekaa ndani ya chombo, hata kama kitambaa cha kijani kimeacha ukingo kwenye nywele zake, mvuto unarudi mara moja.

Hitaji hilo la mwili wa mwigizaji haliwahusu wasio na fedha tu. Katika Everything Everywhere All at Once, filamu ya Marekani ya 2022 iliyohaririwa na Paul Rogers kwa Premiere na kumpatia Oscar ya uhariri mwaka 2023, sura ya Evelyn inapitishwa katika ulimwengu mmoja baada ya mwingine kwa kasi ambayo hakuna jicho linaloweza kuhesabu. Efekti za filamu hiyo zilifanywa na kundi dogo la watu, wengi wao wakiwa wamejifunza wenyewe. Kinachokuzuia usipotee katika mvua ile ya picha ni uso wa Michelle Yeoh, anayemwigiza Evelyn, kubaki katikati, macho mahali palepale, huku kila kingine kikibadilika. Tena ni mwili wa mwigizaji unaobeba tabaka zote.

Juu ya mwako, damu na helikopta, Captain Alex ina tabaka moja ambalo hakuna programu inayolileta ndani ya orodha yake ya efekti: sauti ya VJ Emmie. Aliyekulia karibu na kibanda umiza Tanzania, au aliyemsikiliza DJ Afro Kenya, hahitaji kuelezwa. Mtu anakaa kati ya filamu na watazamaji, anatafsiri, anawapa wahusika majina, anatania, anashangilia. Lufufu alifanya hivyo Tanzania na kanda zake zikasambaa mbali. Katika Captain Alex sauti hiyo imechanganywa na filamu yenyewe, na ukiifuatilia kwa makini utaona nayo inahariri. Emmie huingia pale picha inapolegea. Hutangaza pigo kabla halijafika, kwa hiyo linapofika tunalipokea kama ahadi iliyotimizwa, na ubovu wa efekti unapoteza uzito. Husema juu ya mkato, neno likianzia shoti hii na kuishia ile, na hivyo sauti inashona picha mbili ambazo hazikuwa na uhusiano. Wahariri wana mbinu ya kutanguliza sauti ya tukio lijalo chini ya picha ya sasa. Emmie anaifanya kwa kinywa chake, filamu nzima.

Nabwana mwenyewe, utotoni, alizijua filamu za mapigano kwa kusimuliwa na kaka zake waliokwenda kuziona. Alizisikia kabla ya kuziona. Sioni ajabu basi kwamba katika kazi yake sauti inaruhusiwa kuitangulia picha na hata kuishinda.

Na sauti ya Emmie haiondoleki. Ndani ya programu ya kuediti kila kitu hubaki pekee: damu kwenye treki yake, moto kwenye yake, maneno kwenye yake, na ukitaka unazima kimoja ukaona kingine kinabakije. Lakini Nabwana alilazimika kufuta kazi za zamani kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya filamu zilizofuata, na toleo la Captain Alex lisilo na VJ limepotea. Toleo ambalo dunia inalitazama YouTube tangu 2015 ni lile ambalo matabaka yote yameshakandamizwa kuwa video moja. Mwanafunzi hawezi kufungua mradi akakagua fremu ngapi zilipewa moto. Itambidi asogeze fremu moja moja, azime sauti, airudishe, atazame tena, akisie mhariri aliweka nini juu ya nini. Kwa maoni yangu anayefanya hivyo kwa dakika mbili za filamu hii atajifunza zaidi kuliko kwa kupakua mafaili ya mazoezi yaliyopangwa tayari, kwa sababu hapa lazima aseme mwenyewe kwa nini picha imekatwa ilipokatwa.

Akifika kwenye kifo cha Alex atakuta kitu kigumu kuliko vyote. Watu wa Richard wanavamia kambi ya askari ili wamteke kapteni akiwa hai, wanamkuta ameshauawa. Hakuna mwako wa mtutu, hakuna wingu jekundu, Emmie hatangazi pigo. Filamu ambayo imetuonyesha vifo vingi, kila kimoja na mpigaji wake na mwanguko wake, kwa kifo kilichoipa jina haitoi nusu ya kwanza ya ule mkato. Tunapewa anayeanguka bila anayefyatua. Bruce U anazunguka sehemu yote iliyobaki akiitafuta shoti hiyo, jeshi linaitafuta, Richard mwenyewe hajui, na hadi mwisho haiingizwi.