Waligonga parachichi, mizani wakaiacha

Kuchagua maparachichi kwa mlio peke yake, bila kuyapima uzito, ni kosa, na sioni namna ya kulitetea. Mliokuwapo sokoni Rubondo siku mnunuzi wa Mbarara alipokuja na kijana wake wa simu mliona wenyewe: tunda linagongwa, programu ya simu inatoa hezi za mlio wake, yaliyovuka mstari yanaingia kwenye kreti ya safari, yaliyobaki chini yanawekwa kando kwa bei ya kutupa.

Mengine yalikwenda sawasawa: sponji chini ya tunda, kijiti chenye mpira, pigo la tumboni, maikrofoni karibu.

Lakini ule mstari! Ugumu hupandisha mlio, ila tunda dogo hulia juu kuliko kubwa hata kama ugumu ni mmoja. Chukua maparachichi mawili yenye ugumu uleule, moja la gramu 400, jingine la gramu 200. Kubwa likilia hezi 300, dogo litalia karibu hezi 378. Weka mstari kwenye 340: dogo linasafiri, kubwa linakataliwa, na nyama yake ni ileile. Sasa dogo lianze kulainika, lishuke hadi 345. Bado linapita! Hilo ndilo litakalofika Mbarara limepondeka, baada ya mashimo yote ya barabara ya Isingiro. Mama mmoja alishika dogo la namna hiyo, akaligeuza kiganjani, akasema, "Mwanangu, hili ni la kula kesho." Kijana akamwonyesha namba kwenye simu, akalitia kwenye kreti. Mama ndiye aliyekuwa sahihi.

Na dawa ya kosa hili ina zaidi ya miaka 50. Mwaka 1968, kule Marekani, mtafiti Abbott na wenzake walizidisha mraba wa hezi kwa uzito wa tunda. Mwaka 1972 Cooke akapiga hesabu za tufe linalotetema, akaonyesha kwamba uzito uingie kwa kipeo cha theluthi mbili: hezi mara hezi, mara uzito kwa kipeo hicho. Ingiza maparachichi yangu mawili ya mwanzo, jibu linatoka moja. Wazee wale hawakuwa na maikrofoni mfukoni, lakini hakuna aliyesahau kwamba tunda lina uzito. Sisi tumerudi nyuma hata ya 1968, na mizani ilikuwa meza ya pili pale pale, ikipima maharage.

Nimeshasema sana juu ya wanunuzi wa dole gumba na sitachoka. Wanabonyeza, wanaondoka, doa linajitokeza siku mbili baadaye tunda likiwa kwa mwingine. Kile kifaa cha kupima ugumu cha Magness na Taylor, cha 1925, nacho kinatoboa, na tunda lililotobolewa humuuzii mtu. Ndiyo maana naupigania mlio, na ndiyo maana kosa hili linaniuma: mkulima aliyekataliwa maparachichi makubwa, magumu, yaliyokomaa vizuri, kesho hatakubali tena kugongewa tunda lake. Atarudi kwa dole gumba.

Jambo moja zaidi. Hesabu ya Cooke ni ya tufe, na parachichi lina shingo, hasa haya yetu ya kienyeji. Kwa hiyo mstari wa parachichi aina ya Hass usihamishiwe kwenye aina nyingine, na matoke, kwa urefu na mkunjo wake, yasiguswe kabisa na hesabu hii. Chukua matunda kumi ya aina yako. Kila asubuhi yapime uzito upya, maana yanapoteza maji, kisha uyagonge palepale tumboni mpaka yalainike. Mama kama yule akisema la leo hili, andika hesabu ya tunda hilo ya asubuhi ile, kisha urudi nyuma kwenye daftari: siku ya safari, siku za kukaa dukani Mbarara. Hesabu utakayoikuta hapo ndiyo mstari wa kreti.